Nilipouita Uzito Mvutano

Mwaka wa 2011, katika wiki yangu ya tatu kazini kama karani mkalimani wa mahakama moja ya magharibi mwa Kenya, nilisimama kati ya hakimu na kijana aliyekiri kuiba mtamba wa jirani yake. Maelezo ya kesi yalikuwa yamesomwa, kijana alikuwa ameyakubali, na kilichobaki kilikuwa adhabu tu. Kiongozi wa mashtaka aliinuka, akaiomba mahakama kwa Kiingereza izingatie kile alichokiita gravity ya kosa. Tangu asubuhi nilikuwa nimefasiri bila kujikwaa, na huenda ndiyo sababu sikusita hata kidogo. Nilimgeukia mshtakiwa nikamwarifu kwamba upande wa mashtaka unaiomba mahakama itazame mvutano wa kosa lake.

Kijana alinitazama, akamtazama hakimu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeonewa: "Mheshimiwa, ng'ombe nilimchukua na nimekubali. Lakini mimi sikuvutana na mtu. Mwenyewe alikuwa amelala."

Watu waliokuwa kwenye mabenchi walicheka, askari akawanyamazisha, na hakimu akaniuliza nimesema nini hasa. Kabla sijajibu, karani mkuu aliyeketi mbele yangu, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, aliinamisha kichwa juu ya majalada yake akaninong'oneza: "Uzito, binti yangu. Uzito wa kosa. Mvutano ni wa watu na mashamba yao." Nilisahihisha, kesi ikaendelea, lakini masikio yangu yalikuwa ya moto hadi jioni. Kosa la kuiba mifugo, chini ya kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu, linaweza kumfunga mtu hadi miaka 14, na Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo, asubuhi ile, ilikuwa mimi. Na mimi nilikuwa nimemfanya mtu ajitetee dhidi ya ugomvi ambao hakuna aliyemshtaki nao.

Nimeulizwa mara kadhaa na wanafunzi wa ukalimani jinsi mtu anayejua Kiswahili tangu utotoni anavyoweza kuteleza hivyo. Jibu ni kwamba neno lile sikulitoa kwenye Kiswahili cha utotoni. Nililitoa kwenye fizikia.

Nilizaliwa nje kidogo ya Njoro, katika kaunti ambayo leo ni ya Nakuru, katika nyumba ya mabati iliyojengwa chini ya mparachichi mkubwa. Msimu wa matunda ulipofika hatukuwa na haja ya saa usiku, kwa maana kila baada ya muda parachichi lilikatika kwenye kikonyo likapiga bati kama jiwe, mbwa akabweka, na ndugu yangu mdogo akaamka akilia. Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa fizikia alipotuambia kwa Kiingereza habari za Isaac Newton na tofaa lake, mimi sikuona tofaa kwa sababu tofaa sikuwa nimelizoea. Niliona parachichi letu. Kiswahili cha somo lile sikufundishwa na mtu yeyote, kwa kuwa shuleni kwetu sayansi ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Nilikipata katika kitabu cha sayansi cha shule za msingi za Tanzania nilichokinunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara mjini Nakuru, kikiwa hakina jalada. Humo nilikuta maneno ambayo sikuwahi kuyasikia katika maana hiyo: kani, yaani nguvu; tungamo, yaani kiasi cha kitu chenyewe; mzingo; na kani ya mvutano wa dunia. Niliyapenda kama mtoto anavyopenda nguo mpya, na kwa miaka mingi kila niliposikia gravity, mvutano ndilo neno lililokuja mbio kabla ya mengine yote.

Sikosoi kitabu kile. Kinyume chake, baada ya aibu ya mahakamani nilirudi nikalitafakari neno lile kwa makini zaidi kuliko nilivyowahi kulitafakari shuleni, na nikagundua kwamba Kiswahili kilikuwa kimesema jambo ambalo mwalimu wangu alihitaji vipindi viwili kulieleza. Tazama kitenzi chenyewe. Kuvuta ni kazi ya mmoja: mtu anavuta kamba, ng'ombe anavuta mkokoteni. Kuvutana ni kazi ya wawili, na hakuna anayeweza kuvutana peke yake, kama ambavyo hakuna anayependana au anayepigana peke yake. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1687, Newton alieleza kwamba kila kitu chenye tungamo kinakivuta kila kitu kingine, na kwamba kinachovuta nacho kinavutwa kwa kani ileile. Maana yake ni kwamba usiku ule wa Njoro, dunia ilipolivuta parachichi kuelekea kwenye bati letu, parachichi nalo lilikuwa linaivuta dunia nzima juu, kwa nguvu isiyopungua hata chembe. Ila dunia ni kubwa mno kiasi kwamba mwendo wake wa kupanda hauwezi kupimika. Wanafunzi wengi huliona hilo kuwa mzaha wanapolisikia kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, kiambishi -ana kimekwisha kulisema.

Newton mwenyewe hakuwa na neno kama hilo. Aliandika kwa Kilatini, na akatumia gravitas, lililotokana na gravis, yaani zito. Warumi walilitumia neno hilohilo kwa mzigo, na kwa mtu ambaye maneno yake hayapuuzwi barazani. Jambo lililonishangaza nilipolisoma ni kwamba Kiingereza kilipolichukua neno hilo, maana ya uzito wa jambo na wa tabia ndiyo iliyoingia kwanza, katika karne ya 16, na maana ya kani iletayo vitu chini ikafuata katika karne ya 17. Kwa hiyo si kweli, kama nilivyokuwa nikidhani, kwamba wanasheria waliazima neno la wanasayansi ili kujikweza. Wanasayansi ndio waliokuja kuazima. Mzee karani hakujua historia hiyo, lakini alikuwa upande wake.

Lugha za kwetu, kwa upande wao, hazikuhitaji Roma. Mama yangu, kwa Kikuyu, alisema ũritũ kwa gunia la viazi na kwa habari ya msiba. Huku Kisumu ninakoishi sasa, mchuuzi wa samaki, kwa Kijaluo, atasema pek kwa ndoo iliyojaa, na mjomba wake atasema pek kwa kesi ya mahari iliyoshindikana. Kiswahili nacho kina uzito. Ukitazama hivyo, utaona kwamba kosa langu halikuwa la kukosa neno. Neno nilikuwa nalo tangu nilipoanza kusema. Nililiona la nyumbani mno kuvaliwa mahakamani.

Hata hivyo uzito nao una mitego yake, na mtego wa kwanza niliuona kabla sijajua kuwa ni mtego. Mama alifuga ng'ombe wawili. Kila asubuhi alikamua kabla ya mapambazuko, akamimina maziwa katika mtungi wa alumini, na mimi au kaka yangu tukaupeleka barabarani ambako lori la mnunuzi lilipita. Karani wa maziwa alikuwa na kifaa cha kioo, chembamba shingoni na kinene chini, alichokitumbukiza kwenye maziwa na kusoma mahali kilipoelea. Kifaa hicho ni laktometa. Ndani ya shingo yake mna karatasi yenye namba, na juu ya namba hizo yamechapishwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo la pili ni gravity. Nililisoma nikiwa na umri wa miaka 12 hivi na kulitamka vibaya.

Hapo gravity si mvutano wala si ukubwa wa jambo. Ni ulinganisho: maziwa ya ujazo fulani yana uzito mara ngapi wa maji ya ujazo uleule. Maziwa mazuri ya ng'ombe hufika 1.03 hivi, na kwenye shingo ya laktometa namba hiyo husomwa 30. Ukiongeza maji, kifaa kinazama zaidi na namba inashuka. Ni kipimo rahisi na cha busara, na wafanyabiashara wa maziwa wana haki ya kujilinda. Lakini asubuhi moja ya baridi, lori lilipita mapema kuliko kawaida, tukafika mbio na maziwa ambayo bado yalikuwa na joto la kiwele na povu juu. Namba ilisoma 25. Karani alimwaga kidogo ardhini, akatikisa kichwa, akamwambia mama mbele ya majirani kwamba maji yanapatikana mtoni na hakuna haja ya kuyauza. Mama hakuwa ametia hata tone.

Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye kilichotokea. Laktometa hutengenezwa ili isome sawasawa katika nyuzijoto fulani, kwa kawaida 15.5 au 20, na maziwa yanayotoka kwenye kiwele yana joto la karibu nyuzi 38. Maziwa ya moto hutanuka, na yakitanuka uzito wake kwa kila lita hupungua. Hewa iliyonaswa ndani wakati wa kukamua nayo huyapunguzia zaidi. Ndiyo maana wanaojua kazi hiyo huyaacha yapoe kwanza, au hurekebisha namba kwa kutumia kipimajoto. Yule karani hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na haraka.

Kuna jambo jingine ambalo mama, kama angekuwa hai, ningependa kumweleza kwa sababu lingemchekesha. Sifa kubwa ya maziwa yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa kwamba ni mazito: yalikuwa na malai mengi, na chai yake ilikaa kama uji. Lakini mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji, ndiyo sababu malai hupanda juu. Maziwa yanayoitwa mazito jikoni kwa wingi wa mafuta husoma mepesi kidogo kwenye laktometa, na mtu mjanja akiondoa malai namba hupanda, hata anaweza kutia maji kidogo juu ya wizi huo na kifaa kisimkamate. Mzito wa jikoni ni mwenye kushikamana, mwenye kukolea. Mzito wa laktometa ni jambo jingine kabisa. Mama na karani wa maziwa walitumia neno moja siku ile na hawakuwa wanazungumza kuhusu kitu kimoja. Angekuwapo mtu wa kusimama kati yao na kuuliza "uzito upi?", pengine mtungi wetu usingerudi nyumbani umejaa.

Nadhani nilichagua kazi yangu kwa sababu ya asubuhi ile, ingawa nilipokuwa nikijaza fomu za kuomba kazi niliandika sababu nyingine.

Nilipohamia huku, nilijifunza kwamba hata uzito wa mizani, ambao watu wote huuona kuwa ndio usio na utata, hautulii mahali pamoja. Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia utafika Maseno, na hapo pana kibao cha ikweta ambapo wasafiri husimama kupiga picha, mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini. Nilisimama hapo na mpwa wangu aliyekuwa likizoni, akaniuliza kama ni kweli mtu huwa mwepesi akiwa ikweta. Ni kweli, kwa kiasi kidogo. Dunia si duara kamili: imevimba kiunoni, hivi kwamba mtu aliyesimama ikweta yuko mbali na kitovu chake kwa kilomita zipatazo 21 zaidi ya aliye kwenye ncha, na zaidi ya hayo, mzunguko wa dunia hapa ni wa kasi kuliko kwingine na hupunguza kidogo namna tunavyogandamizwa chini. Jumla ya hayo ni karibu nusu ya asilimia moja. Mwaka wa 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa yenye timazi linalobembea kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akaona inachelewa kwa dakika mbili na nusu hivi kila siku, na ikambidi afupishe timazi lake. Saa haikuwa mbovu. Mvuto wa mahali pale ulikuwa dhaifu zaidi.

Mpwa wangu, ambaye baba yake ni mfanyabiashara wa mahindi, aliuliza mara moja swali lenye maana: kama gunia la kilo 90 likipimwa Maseno linapoteza kitu, nani anakula hasara? Nilimjibu kwamba inategemea mizani. Ukitumia mizani ya mkono yenye sahani mbili, mahindi upande huu na mawe upande ule, mahindi yakipungukiwa uzito mawe nayo yanapungukiwa vilevile, na mkono unabaki sawa; mizani hiyo kwa hakika inapima tungamo, ile hali ya kitu ambayo haibadiliki hata ukikipeleka mwezini. Ukitumia mizani ya springi ya kuning'iniza, iliyorekebishwa kwenye ncha ya dunia na kuletwa Maseno bila kuguswa, gunia lile litasoma pungufu kwa karibu nusu kilo. Mizani zetu hurekebishwa hapahapa, kwa hiyo hasara hiyo haipo. Hasara ya mkulima wa magharibi iko katika gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, iliyobonyezwa chini na gunia lililojazwa hadi likaota kichwa, na hiyo haina uhusiano wowote na Newton.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya neno tungamo la kile kitabu kisicho na jalada. Wakenya tunasema "uzito wa kilo 90" na hatuna shida nao sokoni. Lakini katika maandishi ya sayansi, Watanzania wametenga tungamo, kiasi cha mata kilichomo katika kitu, na uzito, nguvu ambayo dunia inakivuta nayo. Bila utengano huo, huwezi kumweleza mtoto kwa nini mtu anayeelea angani katika chombo ana kilo zilezile lakini hausikii uzito ukimkalisha kitini.

Nilipoombwa kutafsiri kijitabu cha kamati moja ya maji ya mtelemkoni, nje kidogo ya Kisumu, nilikutana na sura nyingine tena. Kisumu hupata maji yake kwa njia mbili zilizo kinyume: ya Dunga hutolewa ziwani na kusukumwa kwa pampu kupanda mjini, na ya Kajulu hutoka Mto Kibos vilimani na kushuka yenyewe. Watu wa huku huyaita haya ya pili maji ya graviti, na hakuna asiyeelewa. Tanzania huyaita maji ya mserereko, na nililipenda neno hilo kwa sababu linaonyesha maji yakienda. Nilijaribu kuliweka. Katibu wa kamati alisoma rasimu, akaniuliza kwa upole kama mserereko ni jina la kampuni. Nikarudisha graviti, na sijutii.

Lakini kazi ya kila siku ilibaki mahakamani, na huko uzito uliniangusha mara ya pili. Shahidi mmoja, mama wa makamo, aliulizwa na wakili aeleze alichokiona chumbani usiku wa tukio. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Naona uzito kulisema." Kwa kuwa nilikuwa nimeapa kutosahau tena kwamba uzito ni gravity, nilimfasiria hakimu kwamba shahidi anatambua jinsi jambo hilo lilivyo kubwa. Wakili akaandika, akashukuru, akauliza swali linalofuata. Yule mama alibaki amenyamaza, na hakimu akaanza kumwona kama mtu anayekataa kujibu baada ya kukubali kwamba jambo ni kubwa. Mzee karani ndiye aliyeinua mkono akaomba ruhusa ya kusema. Alieleza kwamba kuona uzito si kuutambua ukubwa wa kitu. Ni moyo kukataa kunyanyuka. Mama yule alikuwa anasema kwamba anaona haya kulitamka mbele ya wanawe waliokuwa wameketi nyuma. Hakimu aliagiza watoto watoke nje. Mama akasema yote.

Tangu siku hiyo nilianza kuyahesabu mazito ya Kiswahili kama mchungaji anavyohesabu mifugo jioni. Mja mzito hana uhusiano na kosa zito. Mtu mzito wa kusikia si sawa na mtu mzito wa mkono, ambaye si sawa na mtu ambaye neno lake ni zito. Usingizi mzito ni mwingi, giza zito ni la kutoonekana kitu, ulimi mzito ni wa kigugumizi, na wazito wa ligi wanaotajwa redioni ni timu kubwa. Mwingereza akisema gravity kwa mojawapo ya haya, atakuwa amepotea kama nilivyopotea mimi. Na mkalimani kijana niliyemfundisha baadaye alipotea njia ya upande wa pili: alisikia kosa likiitwa grave, akalifasiri kuwa kosa la kaburi. Nilimtetea kwa hakimu, kwa sababu Kiingereza chenyewe ndicho kilichomtega. Neno lake la kaburi linatokana na kuchimba, na lile la zito linatokana na Kilatini. Ni maneno mawili yaliyofanana sura bila undugu.

Jambo ambalo limebadilika zaidi katika miaka yangu ni mahali uzito wa kosa unapopatikana. Kwa miaka kadhaa kabla ya Desemba 2017, kosa la mauaji lilikuwa na uzito mmoja uliokwisha kupimwa na sheria, na adhabu yake ilikuwa kifo, kwa hiyo maneno ya mwisho ya mshtakiwa niliyoyafasiri hayakuweza kubadilisha kitu. Nilifasiri huku nikijua hivyo, naye alijua. Mwezi huo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo bila kumsikiliza mtu ni kinyume cha Katiba. Kwa kesi hizo sasa jaji husikiliza: umri, majuto, yaliyotangulia, hali ya waliobaki. Kwa makosa kama lile la mtamba, usikilizaji ulikuwapo tangu zamani. Ninakumbuka kwamba mwenye mtamba, mjane aliyekuwa ameketi benchi la mbele, aliulizwa ana ng'ombe wangapi. Alijibu kwamba alikuwa na huyo mmoja, na kwamba alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilipofasiri jibu hilo nilimwona kijana akiinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. Mtamba mmoja ni mtamba mmoja kwenye mizani yoyote ile. Lakini kosa lile lilipata uzito wake kati ya yule kijana na yule mjane. Kwa hiyo, ingawa nilistahili kuchekwa, sijalifuta kabisa neno langu.

Mzee karani alipostaafu aliniachia daftari lake la maneno magumu, la kurasa 200, lenye jalada la nguo. Kwenye G aliandika gravity, akaweka uzito, kisha akaacha mistari mitano mitupu, jambo ambalo hakulifanya kwa neno jingine lolote. Mistari minne nimekwisha kuijaza, kila mmoja na mahali pake: uvutano kwa vitu na dunia (nimelichagua kuliko mvutano ili nisiwarudishe watu kwenye mipaka ya mashamba), uzito ukilinganishwa na maji kwa maziwa, graviti kwa mabomba, na utulivu wa mwenendo kwa mtu anayeheshimika.

Wa tano niliujaza baada ya kesi ya trela la miwa lililopinduka kwenye kona na kuvunja kibanda cha mboga. Mkaguzi wa magari alitoa ushahidi kwamba miwa ilipangwa juu kupita kiasi, hivi kwamba kile ninachokiita kitovu cha uzito kilipanda na trela likakosa uthabiti. Nilifasiri hivyo, na dereva, aliyekuwa akijitetea mwenyewe, akaomba aulize swali: "Mheshimiwa, aniambie kitovu cha trela kiko wapi. Nimeliendesha miaka sita na sijakiona." Mkaguzi alichora kwenye karatasi, nikafasiri michoro, dereva akazidi kutikisa kichwa, na mahakama ikaahirishwa kwa chakula cha mchana bila yeye kuridhika.

Nje, chini ya mti, mwenye kibanda aliyekuwa ametoa ushahidi wake asubuhi alinisogelea. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu. "Mwanangu," akasema, "yule kijana umemchanganya na vitovu. Mtu yeyote aliyebeba maji kichwani anajua jambo hilo." Akasimama wima, akaweka mkono hewani juu ya kichwa chake kana kwamba ameshika ndoo, akapiga hatua mbili, akainama kidogo upande mmoja hadi nikaona ndoo ile isiyokuwapo ikianza kwenda. Kisha akajirudi, akakunja magoti kidogo, kiuno kikatulia. "Sisi tunasema mzigo umekaa, au haujakaa. Trela lile, mzigo wake haukuwa umekaa."

Tuliporudi ndani nilimwomba hakimu ruhusa ya kurekebisha fasiri yangu.